Kizunguzungu cha Miaka 54

Tarehe 9 Mei 1958, katika jumba la sinema la Stage Door mjini San Francisco, watu walilipa pesa zao wakaingia kutazama filamu mpya ya Alfred Hitchcock. Walikuwa na kila sababu ya kutarajia raha. Jina la mwelekezi lilikuwa kubwa tayari. James Stewart alikuwa mmoja wa waigizaji waliopendwa sana Marekani. Kim Novak alikuwa nyota aliyewaka kweli kweli. Na mji uliokuwa kwenye skrini ulikuwa mji wao wenyewe: vilima vyao, ghuba yao, daraja lao jekundu.

Walichopewa ni filamu ya dakika 128 ambamo, kwa muda mrefu, mwanamume anaendesha gari akimfuata mwanamke anayeendesha gari. Mwanamke anaingia duka la maua, jamaa anamfuata. Anaenda makaburini, anamfuata. Anaketi makavazini mbele ya mchoro, jamaa anasimama nyuma yake akimtazama. Zaidi ya dakika kumi zinapita karibu bila neno. Ukimwonyesha mtu sehemu hiyo leo bila kumwambia ni nini, atakuuliza kama bando limeisha.

Filamu yenyewe ni Vertigo. Kwa Kiswahili ni Kizunguzungu, na jina hilo linaikaa vizuri kuliko la kwao, kwa sababu ndani yake tunasikia kuzunguka na kuzungushwa, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa humo ndani mwanzo hadi mwisho.

Maoni ya mwanzo yalikuwa ya mchanganyiko. Wapo walioipenda. Lakini gazeti la biashara ya filamu, Variety, lililalamika kwamba nusu ya kwanza ni ndefu mno na inajikokota. Jarida la The New Yorker liliipuuza kama upuuzi usioaminika. Kwenye tuzo za Oscar iliteuliwa katika vipengele viwili tu, sauti na usanifu wa mandhari, na ikarudi nyumbani mikono mitupu. Sokoni haikuanguka kabisa, ila haikuvuma kama filamu nyingine za Hitchcock za miaka ile.

Sasa ruka hadi 2012. Jarida la Uingereza Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila miaka kumi ni filamu gani bora kuliko zote, lilitangaza matokeo. Wahakiki 846 walipiga kura. Vertigo ilipata kura 191 na kuipiku Citizen Kane, iliyopata 157 na ambayo ilikuwa imekalia kiti hicho tangu 1962.

Kati ya Stage Door na kura hiyo kuna miaka 54. Waigizaji ni wale wale. Hadithi ni ile ile. Mwendo ni ule ule wa kinyonga. Kwa hivyo ni nini kilibadilika?

Kuna jibu rahisi ambalo wapenzi wa filamu hulipenda: eti watazamaji wa 1958 hawakuelewa, na sisi tumeerevuka. Mimi silinunui. Historia ya maoni kuhusu filamu hii ina mambo zaidi ya hayo, na baadhi yake hayatupendezeshi sisi tunaojiona wajuaji.

Mtama unamwagwa mapema

Kama hujaitazama, hapa nitamwaga mtama wote mbele ya kuku, kwa hivyo amua sasa kama utaendelea. Filamu imepita miaka sitini. Nadhani muda wa kuficha siri umeisha.

Scottie Ferguson ni mpelelezi wa polisi. Akimkimbiza mhalifu juu ya mapaa usiku, anateleza na kubaki akining'inia. Polisi mwenzake anayejaribu kumvuta anaanguka na kufa. Tangu hapo, Scottie akienda juu kidogo tu kichwa kinazunguka. Anaacha kazi. Kisha Gavin Elster, waliyesoma pamoja na ambaye sasa ni tajiri wa meli, anamwomba amfuate mkewe, Madeleine. Elster anadai mkewe amepagawa na roho ya Carlotta Valdes, mmoja wa nyanya zake wa kale aliyejiua.

Scottie anafuata. Anamwopoa mwanamke huyo majini chini ya daraja la Golden Gate. Anampenda. Halafu, katika misheni ya kale ya San Juan Bautista, Madeleine anakimbilia juu ya mnara wa kengele, na Scottie miguu inamgomea kwenye ngazi. Anasikia ukelele. Anaona mwili ukipita dirishani.

Akili inamruka, analazwa hospitalini. Siku nyingi baadaye anamwona barabarani msichana wa dukani, Judy Barton wa kutoka Salina, Kansas, anayefanana na marehemu. Na hapo, ikiwa imebaki kama nusu saa hivi, Hitchcock anafanya jambo la ajabu. Judy anaketi kuandika barua, na sisi tunaambiwa kila kitu. Yeye ndiye Scottie aliyekuwa akimfuata. Elster alimkodi amwigize mkewe. Aliyetupwa kutoka mnarani ni mke halisi, aliyekuwa ameshauawa. Scottie alichaguliwa kwa sababu ya ugonjwa wake: shahidi ambaye hangeweza kufika juu kuona. Judy anamaliza barua, anaichana. Scottie hajui. Sisi tunajua.

Kilichobaki ni mwanamume kumtengeneza mwanamke upya. Anamnunulia suti ya kijivu kama ya marehemu. Viatu vile vile. Nywele zipakwe rangi, zifungwe kisogoni vile vile. Judy anasihi apendwe alivyo, halafu anakubali, kimoja baada ya kingine. Mwishowe mkufu unamfichua. Scottie anamburuta hadi kwenye mnara ule ule, mtawa anatokea gizani, Judy anashtuka, anaanguka. Filamu inakwisha hapo. Elster, aliyepanga mauaji yote, hatumwoni tena.

Tiketi ni ahadi

Ukisoma hadithi hiyo tena, utaona kwamba waliolalamika 1958 hawakuwa wajinga. Walikuwa wameahidiwa kitu kingine.

Tangu 1955 Hitchcock alikuwa akiingia sebuleni mwao kila wiki kupitia kipindi cha televisheni, Alfred Hitchcock Presents. Nusu saa, hadithi moja, mzaha wa mwelekezi mwanzoni na mwishoni, na mgeuko wa kukushtua kabla hujamaliza chai. Jina lake lilikuwa limegeuka kuwa chapa, na chapa hufundisha watu kutarajia. Mtu akienda kwa muuza chapati akapewa ugali, hata uwe ugali mtamu namna gani, atauliza.

Halafu kuna fumbo. Filamu inaanza kama hadithi ya upelelezi, na hadithi ya upelelezi ina mkataba: nitakuonyesha dalili, wewe utakisia, mwisho nitafunua. Riwaya ya Kifaransa iliyozaa filamu hii, D'entre les morts ya Pierre Boileau na Thomas Narcejac, iliyotoka 1954, iliutii mkataba huo na kuiweka siri hadi mwisho. Hitchcock aliuvunja. Baadaye alimweleza mwelekezi Mfaransa François Truffaut kwamba watu waliomzunguka walipinga uamuzi huo. Hebu jiweke kwenye kiti cha mtu aliyekuja kutegua fumbo: umevumilia saa moja na nusu ya kufuatana, na sasa mwenye fumbo anakupa jibu kabla hujamaliza kukuna kichwa. Ungekasirika pia.

Kuna na suala la haki. Hollywood ya wakati ule ilibanwa na kanuni za maadili zilizoanza kutekelezwa kwa ukali 1934, na moja ya misingi yake ilikuwa kwamba uhalifu usionekane kulipa. Hapa muuaji anaondoka na pesa zake. Kipande cha ziada kilirekodiwa ambapo Midge, rafiki wa Scottie, anasikiliza redio ikitangaza kwamba Elster anasakwa Ulaya. Kilikuwa cha masoko ya nje. Waliokuwa Stage Door hawakupewa hata faraja hiyo.

Na kubwa zaidi: shujaa wao aliwageuka. James Stewart alikuwa mtu mwema wa Marekani, yule wa Mr. Smith Goes to Washington na It's a Wonderful Life. Watu walimwamini kabla hajafungua mdomo. Hitchcock akaichukua imani hiyo akaitumia kama chambo. Unaingia garini na Stewart ukidhani unaendeshwa na mtu wa heshima. Ukija kushtuka, uko naye kwenye duka la nguo, anamgombeza mwanamke anayelia kwa sababu suti si yenyewe.

Kwa hivyo wakisema "inajikokota", sehemu ya walichomaanisha ni hii: tunapelekwa mahali ambapo hatukuomba kwenda.

Upole wa aina mbili

Waswahili husema polepole ndio mwendo, lakini si kila anayekwenda polepole ana mahali anakokwenda. Filamu nyingi za kutisha za mwendo wa taratibu ni tupu tu, zimevalishwa muziki wa huzuni. Mtazamaji ana haki ya kuuliza: huu upole unanunua nini?

Hitchcock alikuwa na jibu. Katika mahojiano marefu na Truffaut, yaliyofanyika 1962 na kutoka kama kitabu 1966, alitoa mfano ambao wanafunzi wa filamu bado wanaukariri. Watu wanaongea mezani, bomu linalipuka chini ya meza: umempa mtazamaji sekunde 15 za mshtuko. Sasa mwonyeshe bomu kwanza, mwambie litalipuka saa fulani, kisha waache wale watu waendelee na soga zao. Umempa dakika 15 za kushikwa roho.

Barua ya Judy ni bomu hilo likiwekwa chini ya meza. Kuanzia hapo swali la "nani alifanya nini" limekufa, na mahali pake pamekuja maswali mawili yanayouma zaidi: Scottie akijua atafanyaje, na Judy atavumilia hadi lini?

Lakini upole wa nusu ya kwanza, ule uliolalamikiwa, nao una kazi yake, na kazi hiyo huionekani mara ya kwanza ukitazama. Kule kumfuata na kumfuata, shada la maua mkononi, suti ya kijivu, nywele zilizosokotwa kisogoni kama konokono, vyote vinachorwa kichwani mwako bila haraka. Unafundishwa kumtamani mtu ambaye hayupo. Halafu, katika nusu ya pili, Judy anarudi kwenye chumba cha hoteli, nywele zimepakwa rangi lakini hazijafungwa. Scottie anataka zifungwe. Na wewe uliyeketi pale, kama ni mkweli, unataka zifungwe pia. Umejiunga na genge. Bila zile dakika ndefu za gari usingejiunga.

Ndiyo maana filamu hii haikuwa rahisi kupendwa kwa mara moja. Ili kuona ilichokufanyia, lazima uitazame tena ukijua mwisho. Na 1958 hapakuwa na kurudisha nyuma. Mtu aliona mara moja, akatoka, akatoa hukumu.

Filamu inatoweka

Waliorudia kuitazama ndio walioanza kubadilisha mambo. Ufaransa, jarida la Cahiers du cinéma lilikuwa na vijana waliomchukulia Hitchcock kama msanii mzito huku Wamarekani wengi wakimwona mchekeshaji wa kutisha. Éric Rohmer aliiandikia Vertigo kwa heshima kubwa 1959. Mwaka wa 1965, Mwingereza Robin Wood alitoa kitabu kuhusu filamu za Hitchcock, na humo aliiweka hii juu kabisa.

Hata hivyo, kwenye kura ya Sight and Sound ya 1962 haikuingia kumi bora. Linganisha na L'Avventura ya Mwitalia Michelangelo Antonioni. Hiyo nayo ni ya taratibu: mwanamke anapotea kisiwani, na filamu haijisumbui hata kumpata. Cannes 1960 watu waliizomea. Miaka miwili tu baadaye ikashika nafasi ya pili kwenye kura ile ile. Kwa nini moja ilingoja miaka miwili na nyingine miongo? Nadhani ni mlango ulioingilia. L'Avventura iliingia kama sanaa kutoka Ulaya, na mtu akiambiwa ni sanaa hujitayarisha kuvumilia. Vertigo iliingia kupitia mlango wa burudani, na kwenye mlango huo mtu huangalia saa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna mhakiki aliyelipanga. Haki za filamu tano, ikiwemo Vertigo na Rear Window, zilimrudia Hitchcock mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaziondoa sokoni. Majumba ya sinema hayakuweza kuzionyesha. Televisheni vivyo hivyo. Hitchcock alifariki Aprili 1980 zikiwa bado zimefungiwa.

Mwaka wa 1982 kura ikapigwa tena. Vertigo, ambayo mtu wa kawaida hakuwa na njia halali ya kuitazama, iliingia kumi bora kwa mara ya kwanza. Nafasi ya saba.

Hebu tulia hapo kidogo. Ilipoonyeshwa kila mahali, watu walipiga miayo. Ilipofichwa, ikapanda. Kuna mwanamume mmoja tunayemjua aliyempenda mwanamke zaidi baada ya kumpoteza, akazunguka mji mzima akimtafuta kwenye nyuso za watu. Wapenzi wa Vertigo waligeuka kuwa Scottie. Sisemi sifa zao zilikuwa za uongo. Nasema kutokuwepo kuna utamu wake, na utamu huo huingia kwenye hukumu bila kubisha hodi.

Mwishoni mwa 1983 filamu zile zikaanza kurudi kwenye majumba ya sinema. Sasa watu wengi waliingia wakiwa wameambiwa kwamba wanakwenda kuona kazi kubwa. Ahadi ya tiketi ilikuwa imebadilika. Kura ya 1992 ikaiweka ya nne, ya 2002 ikaiweka ya pili, kura tano tu nyuma ya Citizen Kane.

Katikati hapo, 1996, mafundi wawili wa Marekani, Robert Harris na James Katz, waliitoa ikiwa imekarabatiwa kwa gharama ya zaidi ya dola milioni moja. Rangi zilizokuwa zimefifia zikarudishwa. Ila kwa upande wa sauti walilazimika kurekodi upya vishindo vingi: nyayo, milango, risasi za mwanzoni. Baadhi ya mashabiki wakaja juu. Wakasema hizi si risasi zetu. Unaona kinachoendelea? Mpenzi aliyepotea amerudi, amevalishwa, amepakwa rangi, na bado kuna watu wanaokagua kama viatu ni vyenyewe.

Na Judy je?

Katika mabishano hayo yote, ya waliochoka na ya waliosifu, kuna mtu ambaye hakuulizwa kitu kwa muda mrefu.

Jioni moja niliwawekea Vertigo marafiki watatu kwenye laptopu, kwangu, taa zikiwa zimezimwa. Mmoja alilala kabla ya mnara wa kwanza. Mwingine aliipenda kwa sababu ya rangi na muziki wa Bernard Herrmann, ule unaopanda na kushuka kama ngazi isiyo na mwisho. Wa tatu, dada mmoja anayefanya kazi kwenye duka la nguo, alinyamaza hadi ile sehemu ya suti. Halafu akasema, "Mbona hakuna mtu anamuuliza huyu dem anataka nini?"

Swali hilo lina historia pia. Mwaka wa 1975 mwananadharia Mwingereza Laura Mulvey alichapisha insha iliyotikisa masomo ya filamu, na Vertigo ilikuwa mojawapo ya mifano yake. Hoja yake kwa ufupi: sinema ya Hollywood imepangwa ili mwanamume atazame na mwanamke atazamwe, na sisi sote kwenye viti tunaazimwa macho ya yule mwanamume. Baada ya hapo haikuwezekana tena kuziona zile dakika za kufuatana garini kuwa mapenzi tu. Wengine walimjibu kwamba filamu inajua inachofanya. Kwamba kutupa barua ya Judy mapema ni kututoa kwenye kichwa cha Scottie na kututia kwenye kichwa cha Judy. Mabishano hayo hayajaisha, na ni mazuri kuliko lile la "inaboesha ama haiboeshi".

Kim Novak mwenyewe alikuwa na la kusema. Alizaliwa Chicago akiitwa Marilyn Pauline Novak, binti wa mfanyakazi wa reli. Studio ya Columbia ilipomsajili, bosi wake, Harry Cohn, alitaka kumbadilisha jina lote. Marilyn likaondoka. Novak alipigania jina la ukoo likabaki. Nywele, uzito, mavazi, vyote vikawa mali ya ofisi. Katika mahojiano ya baadaye, Novak alieleza kwamba alimwelewa Judy kutokana na maisha yake mwenyewe: kuambiwa uwe mtu mwingine ili upendwe. Hata suti ya kijivu hakuitaka. Hitchcock aliitaka, na mbunifu wa mavazi Edith Head akaishona.

Kwa hivyo mwanamke unayemwona skrini akivalishwa nguo asizozitaka alikuwa kweli amevalishwa nguo asiyoitaka. Hilo watazamaji wa 1958 hawangeweza kulijua. Lakini naamini wapo waliolihisi, na kwamba sehemu ya ile hali ya kutotulia kwenye viti, ambayo wahakiki waliiita uchovu, ilikuwa hiyo. Mtu akiona jambo ambalo hana jina lake, husema tu kwamba filamu haikumbamba.

Hukumu ya Ijumaa

Haya yote yangebaki kuwa hadithi za wazee kama mfumo wa kuhukumu filamu ungekuwa umepunguza kasi. Umeongeza. Marekani kuna kampuni, CinemaScore, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huwapa watazamaji kadi wanapotoka sinema usiku wa kwanza, waipe filamu alama kama ya mtihani. Hereditary ya Ari Aster, filamu ya 2018 inayochoma polepole, wahakiki waliisifu. Watazamaji wa usiku wa kwanza waliipa D+. Na siku hizi hatuhitaji kadi. Tunatoa hukumu tukiwa bado kwenye kiti, kabla majina ya mafundi hayajaisha kupanda.

Sina ugomvi na hukumu ya usiku wa kwanza. Niliacha chuo kabla ya kuhitimu, na mengi ninayojua kuhusu filamu nimeyapata kwa kutazama, kusoma na kubishana, kwa hivyo siwezi kumwambia mtu eti anyamaze hadi apate cheti. Maoni ya mtu aliyelipa pesa zake ni ushahidi. Wale wa Stage Door walitoa ushahidi wa kweli: tumeahidiwa hiki, tumepewa kile, na kuna kitu humu kinatukera. Tatizo huja ushahidi ukigeuzwa kuwa hukumu ya mwisho, na filamu ikafungwa kabla shahidi wa pili hajafika.

Hata shahidi wa 2012 hakuwa wa mwisho. Mwaka wa 2022, wapiga kura wa Sight and Sound wakiwa wameongezeka hadi zaidi ya 1,600, Vertigo ilishuka hadi nafasi ya pili. Iliyoipita ni Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya mwaka wa 1975, ya Mbelgiji Chantal Akerman aliyeitengeneza akiwa na miaka 25 hivi. Ina dakika 201. Ndani yake mwanamke mjane anamenya viazi, anatandika kitanda, anapika, anapokea wateja wake wa mchana, na polepole sana kitu kinaanza kwenda mrama. Kwa upole, inaiacha Vertigo mbali.

Tofauti ni nani anatazama nani. Kwa Hitchcock tunamtazama mwanamke kupitia kioo cha gari la mwanamume. Kwa Akerman hakuna mwanamume garini. Kamera imesimama jikoni, urefu wa mtu, inangoja. Wapo walioudhika na matokeo hayo, wakasema kura imeingizwa siasa. Wengine walisema filamu yenyewe inachosha. Neno ni lile lile la 1958, na mimi ningependa kujua, kabla ya kukubaliana nao au kuwapinga, waliingia wakiwa wameahidiwa nini.